Kamba ya pili ndiyo kinga ya mpanda miti

MTU anayeanguka kutoka urefu wa mita 20 hufika chini baada ya sekunde mbili hivi, akiwa katika mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Huo ni urefu wa minazi mingi iliyokomaa katika mashamba ya Kilifi na Kwale, na pia wa mikaratusi inayopogolewa katika nyua za Nairobi. Ndiyo maana wale ambao kupanda miti ndiyo taaluma yao hawahesabu kamba moja kuwa kinga ya kutosha, hata iwe mpya na imara kiasi gani.

Katika taaluma hiyo, mpandaji huvaa mshipi mpana unaoshika kiuno na mapaja, kiasi kwamba anaweza kuukalia. Kamba kuu hupitishwa kwenye panda ya mti juu ya kichwa chake, naye huungana nayo kwa fundo la kukaza. Fundo linalojulikana zaidi lilielezwa mwaka 1931 na Karl Prusik, mpanda milima wa Austria. Kamba nyembamba huzungushwa mara kadhaa kwenye kamba nene. Ukilisukuma fundo kwa mkono huteleza, lakini ukining'inia juu yake hubana na kushika. Siku hizi vipo vifaa vya chuma vinavyofanya kazi hiyo hiyo.

Kamba yenyewe, ikiwa nzima na ya kiwango kinachotakiwa, ni nadra kukatika kwa uzito wa mtu. Kamba ya kupandia miti ya unene wa milimita 13 hustahimili zaidi ya kilo 2,000. Hatari iko kwingine. Tawi lililoshikilia kamba huenda limeoza ndani huku gome likionekana zima. Msumeno wa mashine, ule ambao mafundi wengi huuita pawaso, huikata kamba iliyokazwa kwa kuigusa tu. Tena kuna kosa la kibinadamu: mpandaji aliyechoka hufungua kulabu kabla hajafunga nyingine, akidhani amekwisha kujifunga.

Kamba ya pili ni jibu la makosa hayo yote matatu, lakini kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau. Ni lazima itundikwe mahali pengine. Kamba mbili zilizopitishwa kwenye tawi moja ni sawa na moja, kwa kuwa tawi likivunjika zote huja chini pamoja na mtu wake.

Uingereza iliweka kanuni hiyo katika sheria ya kazi za juu ya mwaka 2005. Anayefanya kazi akining'inia kwa kamba anapaswa kuwa na kamba mbili zilizofungwa mahali tofauti, moja ya kazi na nyingine ya usalama, naye awe ameunganishwa na zote mbili. Sheria hiyo iliacha mwanya: kamba moja iliruhusiwa pale ambapo tathmini ingeonyesha kwamba ya pili ingeongeza hatari. Kwa miaka mingi wapanda miti walipitia mwanya huo, wakisema kamba mbili hunasa katika matawi na kumzuia mtu kukwepa tawi linaloanguka. Malalamiko yao hayakuwa ya bure. Yeyote aliyewahi kuvuta kamba katikati ya matawi ya mwembe atawaelewa. Hata hivyo, mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha wataalamu wa miti nchini humo, Arboricultural Association, uligeuza mambo. Kamba mbili zikawa ndiyo kawaida, na anayetaka kutumia moja ndiye anayepaswa kutoa sababu.

Mwongozo huo pia unakumbusha kwamba kupanda kwa kamba si chaguo la kwanza. Ikiwa kazi inaweza kufanywa kutoka chini au kwa jukwaa la kuinuliwa na mashine, na ifanywe hivyo.

Nchini Marekani, kanuni za usalama zinazojulikana kama Z133 humtaka mpandaji awe amefungwa tangu anapoacha ardhi, na awe ameshikwa kwa njia mbili kila anapotumia msumeno wa mashine mtini. Njia ya pili huwa ni kamba fupi ya kiunoni inayozunguka shina, na kwa kazi ya msumeno wengi huchagua ile yenye waya wa chuma ndani. Waya huo hupunguza hatari ya kukatwa, ingawa hauiondoi kabisa.

Kabla ya kupanda, kamba hujaribiwa kwa watu wawili kuining'inia kutoka chini. Hukaguliwa kwa mkono pima kwa pima, kutafuta uzi uliokatika, sehemu iliyolainika isivyo kawaida au iliyoungua. Kamba iliyomwagikiwa asidi ya betri hutupwa bila mjadala. Nchini Uingereza, vifaa vya kumwinua mtu hukaguliwa na mjuzi kila miezi sita.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni uokoaji. Kamba ikimshika mtu aliyezimia, bado hajaokoka, kwani anayening'inia bila kusogeza miguu huweza kufa kwa damu kukwama sehemu ya chini ya mwili. Kwa sababu hiyo, haifai mtu kupanda bila mwenzake chini anayejua kupanda, na mwenye vifaa vya kumfikia upesi.

Je, haya yanamhusu mkwezi wa Pwani? Mgema hupanda minazi ile ile zaidi ya mara moja kwa siku, akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni na kibuyu mkononi. Hana kamba yoyote. Tena mnazi hauna panda wala tawi la kutundikia, na kuti kavu huchomoka ghafla linapovutwa. Njia ya Uingereza haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo.

Kinachowezekana ni kamba mbili fupi zinazozunguka shina na kuungana na mshipi. Mkwezi husogeza moja juu huku nyingine imemshika, na hafungui ya chini kabla ya ile ya juu kukaza. Kamba ya katani, ambayo haikosekani katika eneo lenye mashamba ya mkonge kama Vipingo, hushika shina vizuri. Lakini huoza ndani kwa ndani kwa unyevu, na nje isionyeshe dalili. Kwa kazi ya kubeba uhai wa mtu, nailoni au poliesta ndiyo inayofaa.

India, ambako minazi ni mingi kama ilivyo Pwani, imekwenda mbali zaidi. Katika jimbo la Kerala hutumika kifaa cha chuma kiitwacho Chemberi Joseph, kwa jina la mbunifu wake. Kina sehemu mbili, moja kwa kila mguu, kila moja ikishika shina kwa waya, na mpandaji huziinua kwa zamu. Baadaye watafiti wa zao hilo walikiongezea mshipi wa usalama, kwa maana mguu ukiteleza hapakuwa na kitu cha kumzuia mtu. Kuanzia mwaka 2011, Bodi ya Maendeleo ya Nazi ya India iliwafunza vijana kazi ya ukwezi, ikawapa vifaa na bima ya ajali.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, zote za mwaka 2007. Zote mbili zinambebesha mwajiri mzigo wa kumlinda mfanyakazi wake. Lakini mkwezi hulipwa kwa idadi ya minazi aliyopanda, leo shamba hili na kesho lile, na mwenye shamba aliyemwita kwa asubuhi moja kwa kawaida hajihesabu kuwa mwajiri wa mtu.