Kunyonga Baiskeli kwa Kundi: Upepo, Mwendo na Adabu kati ya Mokowe na Witu

Msafara wa baiskeli ni kundi la watu wanaokwenda njia moja kwa mwendo mmoja, wakifuatana karibu kiasi kwamba gurudumu la mbele la mmoja liko mita moja au pungufu nyuma ya gurudumu la mwenzake. Ukaribu huo ndio faida ya msafara, na ndio hatari yake. Adabu zote za kuendesha kwa kundi zimetokana na mambo mawili: hewa, ambayo wa mbele anaipasua kwa niaba ya wote, na macho ya walio nyuma, ambayo hayaoni barabara bali mgongo wa mtu.

Visiwani kwenyewe, huku Lamu kwenye pwani ya Kenya, mchezo huu hauna uwanja. Mji wa kale wa Amu, yaani Lamu, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vilivyopimwa kwa miguu ya watu na punda, na njia za Pate, Siyu na Faza ni za mchanga na udongo. Anayetaka kunyonga baiskeli kwa kundi huvuka na boti alfajiri hadi gati ya Mokowe, bara. Hapo ndipo inapoanza lami inayopita miji ya Hindi na Witu hadi Garsen, kilomita 135 hivi, katika nchi tambarare ya mashamba, vichaka na malisho. Mlima hakuna. Kinachowachosha watu huku ni upepo.

Hewa haihisiwi na anayekwenda polepole, lakini deni lake hupanda haraka mno. Nguvu inayohitajika kuipasua huongezeka kwa mchemraba wa mwendo: anayetoka kilomita 25 kwa saa kwenda 30 ameongeza mwendo kwa moja ya tano tu, ilhali nguvu anayotoa dhidi ya hewa imepanda kwa zaidi ya asilimia 70. Aliye nyuma yake, akijificha vizuri, huokoa robo hadi theluthi ya jasho lake, na katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Ndiyo sababu mzee wa miaka sitini anaweza kufika Witu pamoja na vijana. Na ndiyo sababu kijana mmoja wao, akiachwa nyuma mita ishirini peke yake, huenda asiwafikie tena.

Watu wa Amu wana msamiati wa jambo hili tayari, maana wamekulia kwenye mashua. Upande unakotoka upepo ni wa joshi, na unakoelekea ni wa demani. Tofauti moja tu inafaa ishikwe mapema. Katika mashindano ya mashua, chombo kilichopita upande wa joshi huziba upepo wa chombo cha demani, tanga lake likalegea. Baharini anayekukingia upepo amekufunga. Kwenye baiskeli amekubeba. Nahodha mzuri anayepanda baiskeli kwa mara ya kwanza huelekea kwenda kutafuta hewa safi pembeni, na huchukua muda kuelewa kwamba mahali pake ni pale alipokuwa akipakimbia.

Upepo ukija usoni, watu hufuatana mstari mmoja. Ukija ubavuni, kivuli cha upepo hakiko nyuma tena, kimehamia upande. Chukua miezi ya kusi, upepo wa kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Anayetoka Hindi kuelekea Witu anakwenda magharibi, na kusi inampiga mkono wa kushoto. Mwenye kujikinga hukaa nyuma yake kidogo, upande wake wa kulia, na wa tatu kulia zaidi, mpaka kundi linakuwa mshazari unaoelekea katikati ya barabara. Hapo pana hatari, kwa kuwa Kenya magari hupita kushoto, na mshazari wa watu sita umeziba njia ya basi. Katika barabara isiyofungwa kwa mashindano, wanne wanatosha. Wa tano na wenzake waanze mshazari wao nyuma, wakiacha nafasi ambayo gari linaweza kuingia likipita. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: kusi inatoka kulia, mshazari unaelekea ukingoni, na wa mwisho ndiye anayeweza kusukumwa nje ya lami. Kwa hiyo wa mbele aliye muungwana husogea kulia kidogo kuliko anavyopenda, ili wa nyuma apate pa kukaa. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo huwa mgongoni na kwenda ni raha tupu. Wageni hujisahau, wakala nguvu zao zote kabla ya Witu, kisha wakageuka na kuukuta upepo umewangoja.

Kukaa mbele ni zamu, na zamu ina kanuni yake kuu: unapoipokea, usiongeze mwendo. Hili ndilo kosa la kwanza la mwenye nguvu. Alikuwa mafichoni, miguu imepumzika, sasa anaona barabara wazi na kutaka kuonyesha heshima kwa kukaza. Aliyemwachia zamu, ambaye ndiyo kwanza ajitoe na pumzi inamwisha, analazimika kukimbia ili adake mkia wa kundi wakati ule ule anapohitaji kupumua. Mwenye nguvu aonyeshe nguvu kwa kukaa mbele muda mrefu zaidi, kwa mwendo ule ule. Mchovu naye akae mbele nusu dakika, au apite moja kwa moja bila kukaa. Kuruka zamu si aibu. Aibu ni kushika zamu usiyoiweza na kuwapunguzia wote mwendo bila kusema. Anayetoka mbele hujitoa upande wa joshi, ili wanaopanda wapite katika kivuli chake, na kwa hiyo asishikilie ukingo tangu mwanzo mpaka akakosa pa kutokea.

Wakienda wawili wawili kuna tabia nyingine, ndogo kwa kuitazama, inayoharibu safari nzima. Ni ile ya mtu kumtangulia mwenziwe kwa nusu gurudumu. Jirani akisogea ili walingane, yeye husogea tena. Hakuna aliyesema neno, lakini baada ya kilomita kumi wote nyuma wanahema. Dawa yake ni mabega: mabega yawe sawa, na anayeona ametangulia ndiye arudi.

Kipimo cha mwendo wa kundi ni mtu wa mwisho, wala si kwa huruma peke yake. Kundi hunyumbuka kama mpira. Wa mbele akipunguza penye tuta, wa nyuma hubana breki. Wa mbele akishavuka na kukaza, wa nyuma bado yuko juu ya tuta, na akija kushuka pengo limeshafunguka. Watu kumi wakivuka tuta moja, wa kumi amekimbia mbio ambazo wa kwanza hakujua kuwa zimekuwepo. Basi baada ya kila tuta, kona au kizuizi, wa mbele hunyonga polepole hadi asikie sauti ya nyuma kwamba wote wamefika.

Sauti na mikono ni macho ya walio nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, nusu sekunde ni mita nne. Nakumbuka asubuhi moja, tukiwa tumeshaipita Hindi, mvua ya usiku ilikuwa imemwaga ulimi wa mchanga juu ya lami, mwekundu, mwembamba, usiozidi upana wa mkeka. Wa mbele aliuona akaukwepa kimya, wa pili akamfuata. Mimi niliuona ulipokuwa chini yangu. Gurudumu langu la mbele liligusa la nyuma la mwenzangu. Ilitoka sauti fupi kama ya kitambaa kinachopasuka, usukani ukanitoka mikononi, nikaanguka na wawili wakaniangukia. Aliyeguswa hakuyumba hata kidogo, na karibu daima huwa hivyo: magurudumu yakigusana, anayeanguka ni wa nyuma. Tangu siku ile kwetu hakuna kitu kidogo mno kisichotajwa. Shimo huonyeshwa kwa kidole upande wake, mchanga kwa kutikisa kiganja, kusimama kwa mkono ulioinuliwa, na neno hupokewa na kila mtu hadi mkiani: shimo, ng'ombe, punda, gari nyuma. Kuna mikono isiyoweza kutoka kwenye breki. Mwenye mikono hiyo apige kelele tu.

Elimu hii Kenya imepita zaidi kwa mdomo na kwa mfano kuliko kwa vitabu. Mwendesha baiskeli David Kinjah ameifundisha miaka mingi kwa vijana wa timu yake ya Safari Simbaz kutoka nyumbani kwake Mai-a-Ihii, Kikuyu, na miongoni mwa waliojifunza kukaa nyuma ya gurudumu lake alikuwa mvulana mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mkenya mwenzake Suleiman Kangangi, aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, alikuwa nahodha wa Team Amani hadi alipofariki katika ajali ya mashindano huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika, na walioyatazama waliona kanuni hizi hizi zikifuatwa na watu wenye mwendo mkubwa kuliko wetu.

Barabara ya Witu ina adabu zake za ziada. Tangu mashambulizi ya Juni 2014 katika mji wa Mpeketoni eneo hili limeishi na ulinzi, na katika njia hii damu imemwagika zaidi ya mara moja. Kundi huuliza hali kabla ya kutoka, husafiri mchana tu, na likiambiwa lirudi hurudi bila ubishi. Kwenye kizuizi cha askari kila mtu hushuka, hutoa salamu, na mmoja huzungumza kwa niaba ya wote. Mifugo ikivuka, ni msafara unaosimama, si mchungaji anayeharakishwa. Kengele huwatawanya ng'ombe wakaja upande wako. Saa ya kurudi hupangwa ili adhuhuri iwakute penye msikiti na maji, na anayepata pancha husimamiwa na kundi zima, nje ya lami, upande mmoja wa barabara.

Gatini Mokowe watu huhesabiwa kabla ya baiskeli kupakiwa. Boti haingojwi na waliofika kwanza. Waliofika kwanza ndio wanaoingoja hesabu itimie.