Dalsima ya Milimani Mikononi mwa Wacharaza Gitaa

Dalsima ya Appalachia ni ala ya nyuzi tatu au nne, yenye kisanduku chembamba cha mbao kisichofikia urefu wa mita moja, ambayo mpigaji huilaza mapajani, na ambayo shingo yake haichomozi nje ya kisanduku kama shingo ya gitaa au ya udi, bali imegandishwa juu ya kisanduku hicho kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Ipo pia dalsima ya kugongwa kwa vijiti, ambayo kwa umbo inakaribiana zaidi na kanuni ya wapigaji taarabu, lakini ala hizo mbili hazina undugu wa karibu. Tangu miaka ya 1960 wacharaza gitaa wengi wameivumbua hii ya milimani, na jambo linalowastaajabisha mara kwa mara ni kwamba mtu asiyewahi kuishika anaweza kutoa wimbo unaosikilizika siku ile ile ya kwanza. Urahisi huo umekuwa ukielezwa kama dalili ya ufukara na ushamba wa watu wa milimani, maelezo ambayo hayawatendei haki mafundi, kwa sababu ala yenyewe inaonyesha kwamba walijua walichokiweka na walichokiacha.

Asili yake iko Ujerumani. Mwaka 1619, katika juzuu ya pili ya kitabu chake kiitwacho Syntagma Musicum, mtunzi na mwanachuoni wa muziki Michael Praetorius aliieleza ala iliyojulikana kama scheitholt, kisanduku kirefu na chembamba chenye nyuzi tatu au nne za shaba, ambacho mpigaji wake aliteleza kijiti laini juu ya uzi kwa mkono wa kushoto huku akikwaruza nyuzi zote kwa dole gumba la kulia. Praetorius aliiweka katika kundi la ala duni, ila hakuacha kuipa nafasi kitabuni. Karne moja baadaye wahamiaji wa Kijerumani waliifikisha Pennsylvania, na wale walioendelea kuelekea kusini kwa magari ya farasi, wakipita bonde la Shenandoah, waliiingiza Virginia, ambako jirani zao wengi walikuwa watu wenye asili ya Uskoti na kaskazini mwa Ireland, waliokuja na tenzi ndefu za visa na nyimbo nyingi za fidla.

Katika ujirani huo scheitholt ilibadilika umbo. Mafundi walikipanua kisanduku, wengine kwa umbo la mtumbwi, wengine wakikibana katikati kikawa na kiuno, na juu yake wakainua ubao mwembamba wa shingo ambao scheitholt haikuwa nao, maana freti zake zilipigiliwa ukingoni mwa kisanduku chenyewe. Freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, ambavyo uzi ukibanwa nyuma yake hufupika na kutoa sauti ya juu zaidi. Mojawapo ya dalsima kongwe ambazo fundi mwenyewe aliziandika tarehe ilitengenezwa katika wilaya ya Floyd, Virginia, mwaka 1832, kwa hiyo ala hii haina ukale wa kupindukia ambao baadhi ya wapenzi wake walikuja kuuvumisha.

Kiini cha jambo kiko kwenye freti hizo. Gitaa lina freti kumi na mbili katika kila oktava, yaani katika safari nzima ya kutoka do hadi do nyingine, na idadi hiyo humpa mpigaji noti zote zinazotumika katika muziki wa Ulaya, zile anazozihitaji pamoja na zile zitakazomharibia wimbo. Dalsima ya zamani ina saba tu. Ukiitazama shingo yake utaona kwamba freti hazikusongamana kwa utaratibu wa gitaa, bali nafasi mbili pana hufuatwa na moja finyu, kisha pana mbili tena na finyu moja, kwa kuwa fundi ameweka zile noti ambazo mwanakwaya yeyote aliyefundishwa kwa do-re-mi anazijua na kuziruka zilizo katikati yake. Uzi wa kwanza, ulio karibu na tumbo la mpigaji, ndio unaobeba wimbo, na kwa utunishaji wa kale do huangukia kwenye freti ya tatu. Nyuzi nyingine hazibanwi kabisa, bali huachwa zivume noti ile ile tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Mkono wa kushoto hushika kijiti cha mwanzi na kukiteleza juu ya uzi wa kwanza pekee, na wa kulia hukwaruza kwa shina la unyoya wa bata bukini au bata mzinga. Katika dalsima nyingi za kale freti hata hazikuvuka upana wote wa shingo, bali zilikuwa vipande vya waya vilivyokunjwa ncha zote mbili na kupigiliwa chini ya uzi wa wimbo tu, kwa sababu hapakuwa na haja ya kupoteza waya kwenye nyuzi za uvumo.

Afrika Mashariki ina ala iliyofikia suluhisho la namna hiyo bila ya kuazima kwa mafundi wa Appalachia, nayo ni lile zeze la mti bapa na kibuyu, lenye vinundu vichache vilivyochongwa kwenye mti wenyewe kwa ajili ya kubania uzi wa wimbo, na uzi wa pembeni unaovuma peke yake. Fundi wa zeze hakuongeza kinundu ambacho nyimbo zake hazikukihitaji.

Gharama ya uchaguzi wa fundi wa dalsima inafahamika. Anayetaka wimbo wa huzuni wenye skeli tofauti, yaani mfuatano mwingine wa noti, hulazimika kuukaza au kuulegeza uzi wa kwanza ili do ihamie kwenye freti nyingine, na anayetaka kuhama ufunguo katikati ya wimbo hana njia. Kwa mwimbaji wa tenzi aliyekaa barazani jioni, hilo halikuwa tatizo.

Fundi anayefahamika kuliko wote wa kizazi cha zamani ni James Edward Thomas wa wilaya ya Knott, Kentucky, aliyezaliwa mwaka 1850 na kufariki mwaka 1933, ambaye kuanzia mwaka 1871 alitengeneza dalsima zipatazo 1,500, nyingi zikiwa na umbo la kiuno, nyuzi tatu na matundu ya sauti yaliyokatwa kwa sura ya moyo, naye alikuwa na tabia ya kuzitia namba na tarehe. Biashara yake ilisaidiwa na shule iliyofunguliwa Hindman mwaka 1902 na Katherine Pettit na May Stone, wanawake wawili waliokusudia kuelimisha vijana wa milimani na wakati huo huo kuhifadhi kazi za mikono za wazee wao. Wageni na wafadhili wa shule walirudi mijini na dalsima mikononi, na mwanafunzi wa Thomas, Jethro Amburgey, alikuja kufundisha useremala hapo hapo Hindman. Ila shule za aina hiyo zilikuza pia hadithi kwamba dalsima ni masalia ya Uingereza ya malkia Elizabeth wa Kwanza, hadithi iliyopata nguvu baada ya Cecil Sharp kukusanya nyimbo za asili ya Kiingereza katika milima hiyo kati ya 1916 na 1918. Nyimbo nyingi zilitoka Uingereza kweli; ala haikutoka huko, na Mjerumani aliyeileta akasahauliwa kwa muda mrefu.

Aliyeitoa milimani kwa hakika ni Jean Ritchie, aliyezaliwa Viper, Kentucky, mwaka 1922, kitindamimba wa watoto kumi na wanne, ambaye baada ya Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi New York na kuwaimbia watu wa mjini nyimbo za nyumbani kwao akiwa na dalsima mapajani. Kitabu chake cha mafunzo, The Dulcimer Book, kilitoka mwaka 1963, wakati vijana wa mijini walikuwa wamekwisha kununua magitaa kwa maelfu na walikuwa wakitafuta sauti nyingine. Kwao uvumo wa nyuzi zilizoachwa wazi ulikuwa kitu kipya. Ndiyo miaka ambayo Davey Graham wa Uingereza alilitunisha gitaa lake kwa namna isiyo ya kawaida ili lipate uvumo wa jinsi hiyo. Brian Jones wa Rolling Stones alirekodi dalsima mwaka 1966, na Joni Mitchell, mpiga gitaa aliyekwisha zoea kubuni utunishaji wake mwenyewe, aliipiga katika nyimbo nne za albamu yake Blue ya mwaka 1971, akitumia ala za fundi Joellen Lapidus.

Wageni hao hawakutaka kijiti. Walibana nyuzi zote kwa vidole kama walivyozoea, wakitafuta kordi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, na mafundi wakawaitikia kwa kuzipitisha freti upana wote wa shingo na kuongeza moja kati ya ya sita na ya saba, ili do iweze kuanzia kwenye uzi ulio wazi. Homer Ledford wa Winchester, Kentucky, alikwenda mbali zaidi kwa kubuni dulcitar, dalsima yenye shingo iliyochomoza nje, na katika miaka ya 1980 Bob McNally alibuni Strumstick, ala ya nyuzi tatu yenye kisanduku kidogo mno na shingo nyembamba, inayoshikwa kama gitaa. Nyuzi zake hutunishwa sol, re, sol, na kwa kuwa freti ni za skeli moja tu, vidole vikitua popote ni nadra kutoka noti isiyolingana na wimbo. McNally huyo huyo ndiye aliyebuni Backpacker, gitaa dogo la safari linalouzwa na kampuni ya Martin. Baadaye kampuni ya Godin ya Kanada ilitoa ala ya jamii hiyo iitwayo Merlin, yenye nyuzi nne.

Sifa ya McNally ni umbo, mshiko na wepesi wa kubebeka. Urahisi unaomfurahisha mnunuzi ulikuwapo tayari kwenye freti za Thomas. Mcharaza gitaa anayeikuta ala hii leo, akiwa na nia ya kuielewa badala ya kujiburudisha nayo tu, atafanya vyema kutafuta kwanza dalsima ya mapajani isiyo na freti ya nyongeza, na kuipiga kwa kijiti kabla ya kuruhusu vidole vyake vitafute kordi.