Laika

Mtu akiogopa, malaika humsimama. Hayo si wa mbinguni: umoja wake ni laika, unywele mwororo wa mwilini, na sarufi huwatenga, malaika yamesimama, malaika wameshuka. Wengi siku hizi husema vinyweleo kwa kila kitu. Mimi ningependa kinyweleo kibaki kuwa kitundu unamoota unywele.

Kitundu hicho huanza mapema. Kati ya wiki ya 9 na ya 12 ya mimba, seli za tabaka la juu la ngozi hujikusanya zikawa kivimbe, kwanza kwenye nyusi, mdomo wa juu na kidevu. Chini yake seli za tabaka la ndani nazo husongamana, na pande hizo mbili hupelekeana ishara za kikemikali. Kivimbe hudidimia kama kigingi, kisha ncha yake hulizingira fundo la seli za chini. Hapo ndipo unywele utakapochipukia.

Ajabu hasa ni nafasi baina ya vinyweleo. Protini za Wnt huchochea kimoja kiote, za Dkk huzuia kingine kisikisogelee mno. Hesabu ya mpangilio wa namna hiyo Alan Turing aliiandika mwaka 1952, akiwa hana habari za protini hizo.

Malaika ya kwanza hutokeza mwezi wa 5 hivi, na mengi hupukutika kabla ya kuzaliwa. Mtoto njiti huja nayo mabegani. Vinyweleo vyenyewe, takriban milioni 5, hukamilika tumboni. Hata ndevu hutoka kwenye vitundu vilevile vya malaika.