Mwenyeji Kama Mwalimu: Vijana wa Kujitolea na Kiswahili cha Nyumbani, kutoka Tanganyika hadi Kambove

Historia ya vijana wa ng'ambo waliokuja Afrika ya Mashariki na Kongo kufanya kazi za kujitolea imezoea kuandikwa kwa upande mmoja: barabara iliyopimwa, darasa lililofundishwa, kisima kilichochimbwa. Yule aliyempokea kijana, akamlisha na kumzoeza kusema, hutajwa kwa neno moja tu, "mwenyeji". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwenyeji huyo alikuwa mwalimu wa lugha, na kwamba kazi yake inastahili nafasi katika historia ya Kiswahili.

Wazo la kumweka mwanafunzi katika familia ya kigeni lilipata mpango maalumu mwaka 1932, Donald Watt alipoanzisha nchini Marekani shirika la Experiment in International Living. Mwaka 1958 Mchungaji James Robinson, kwa mpango wa Operation Crossroads Africa, aliwapeleka wanafunzi Afrika ya Magharibi kufanya kazi bega kwa bega na vijana wenzao. Peace Corps ilifuata mwaka 1961. Kundi lake la kwanza la Tanganyika, la wapima ardhi na wahandisi, lilipata mafunzo ya awali katika Texas Western College, El Paso. Mpango huo ulikoma Tanzania mwaka 1969, ukarejea mwaka 1979. Baadaye mafunzo yalihamishiwa nchini, na kijana akaishi kwanza na familia kwa wiki kadhaa kabla ya kupelekwa kazini.

Maana ya badiliko hilo imo katika methali: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kijana wa El Paso alikabidhiwa jembe kabla hajawa mgeni wa mtu. Nyumba ya mwenyeji ilimrudishia zile siku mbili: muda wa kukosea bila kuaibika, wa kujua nani huamkiwa "shikamoo", na wa kutambua kwamba amwitaye mwanamke "mama" amekubali pia kutumwa naye.

Kambove, mji wa migodi ulio jirani na Likasi, unadhihirisha kwa nini nyumba haiwezi kuachiwa kitabu nafasi yake. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli ikafika Kambove mwaka 1913. Wachimbaji walitoka sehemu nyingi: Waluba, Wabemba, na watu wa Rwanda na Burundi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilihimiza wafanyakazi wakae na wake zao, na watoto waliozaliwa kambini wakakifanya Kiswahili kuwa lugha yao ya nyumbani. Kwa hiyo Kiswahili cha Katanga kilikuzwa kwa sehemu kubwa na wageni, ambao nao wakawa wenyeji wa wageni waliofuata.

Anayefika huko na Kiswahili sanifu atasikia "bantu" kwa watu, "bintu" kwa vitu, "mayi" kwa maji. Mezani atapewa "bukari" kwa "sombe", yaani ugali na kisamvu. Akidhani kwamba mwenyeji wake anakosea, atamsahihisha mtu anayemfundisha. Akisikiliza, atajifunza historia ya migodi kwa njia ya sarufi.

Sahani hiyo ina gharama. Peace Corps ilifanya kazi Zaire tangu mwaka 1970 hadi mwaka 1991, wakati wa uporaji na machafuko. Miaka hiyohiyo uzalishaji wa shaba wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, uliporomoka, na mishahara ya familia za migodini ikawa ya mashaka. Katika hali kama hiyo, familia inayomlisha mgeni hutoa msaada kabla ya kupokea wowote. Ripoti inayohesabu saa za kazi za kijana na kuacha saa za mama aliyemfundisha kusema imepindua hesabu.

Idara za Kiswahili zinazotuma wanafunzi nyanjani zina nafasi ya kurekebisha jambo hili: mwenyeji ashirikishwe katika kupanga mafunzo, alipwe kwa haki, na lahaja yake iingizwe katika kumbukumbu kwa idhini yake. Hapo neno "kujitolea" litawahusu wote waliojitolea.