Mshipa Mkuu na Umbali wa Somanda

Hadi katikati ya karne ya 20, mtu aliyevimba aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hakuwa na tiba ya uhakika. Mwaka 1948 Rudolf Nissen aliuzungushia selofeni mshipa wa Albert Einstein; ulipopasuka mwaka 1955, mwanasayansi huyo alikataa upasuaji, akafariki. Ilhali njia ilikwisha kufunguka: mwaka 1951, mjini Paris, Charles Dubost aliondoa sehemu iliyovimba na kuunga mshipa wa maiti. Baadaye Michael DeBakey wa Houston akashona mirija ya kitambaa cha Dacron. Mwaka 1990, Buenos Aires, Juan Parodi aliingiza mrija kupitia mshipa wa kinena, bila kupasua tumbo.

Njia zote hizi zina sharti moja: uvimbe ugunduliwe mapema. Hapo ndipo historia hii inapoigusa Somanda, Bariadi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ipo Dar es Salaam. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, ipo Mwanza. Mshipa uliopasuka haungoji basi la alfajiri.

Kwa hiyo mkulima wa pamba wa Simiyu haokolewi kwanza na kisu cha Dar es Salaam, bali na ultrasaundi ya tumbo iliyo karibu naye, hasa akiwa mzee, mvutaji wa tumbaku au mwenye shinikizo la damu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipimwe hapo: itamlipia kipimo akiwa bado anatembea, au itamngoja awe mahututi?