Sindano, Uzi na Chama cha Akina Mama wa Alabama



Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Muungano wetu, wengine wameandika habari za maghala, za mizani na za bei za mazao. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeona yafaa kuandika habari za mafunzo. Tangu mwaka wa kwanza hoja moja imekuwa ikirejea katika mikutano mikuu yetu, nayo ni hii: je, fungu tunalotenga kwa ajili ya kufundisha wanachama lipunguzwe, ili fedha zake zigawiwe wanachama wenyewe? Hoja hiyo haifai kudharauliwa, maana fedha za chama ni jasho la watu. Lakini kabla ya kuijibu twapenda kuwachukua wasomaji safari ya mbali, hadi jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, ambako akina mama walijenga chama cha ushirika kwa sindano na uzi.

Mahali hapo huitwa Gee's Bend, katika wilaya ya Wilcox. Mto Alabama umepazunguka pande tatu, na nchi kavu imebaki upande mmoja tu. Wakazi wake ni wajukuu wa watumwa waliolimishwa pamba. Na hata leo wengi wao huitwa Pettway, jina la bwana aliyelinunua shamba hilo mwaka 1845. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, watu hao walibaki kulima ardhi isiyokuwa yao na kumgawia mwenye ardhi mavuno. Mwaka 1932 walichukuliwa mifugo, zana na chakula chao kwa sababu ya madeni, wakabaki hawana kitu. Baadaye Serikali iliinunua ardhi ile, ikawauzia familia nyingi mashamba kwa mkopo.

Nyumba za zamani za huko zilikuwa za mbao, zenye nyufa zilizopitisha baridi. Kwa hiyo kila mama alishona mifarishi ya kuwafunika watoto wake. Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, na chini bitana. Viraka vilikatwa katika nguo za kazi zilizochakaa na katika magunia ya unga. Matabaka yale matatu yaliwambwa juu ya kiunzi cha mbao, na wanawake wakakaa kukizunguka, kila mmoja akipitisha sindano upande wake.

Kiunzi kile kilikuwa darasa. Bibi mwenye ujuzi wa miaka 50 alikaa karibu na binti ambaye bado hajaweza kunyosha mshono. Watoto wadogo walicheza chini yake wakitazama sindano zikishuka na kupanda, na wakati wao ulipofika wakapewa uzi na sindano. Hakuna aliyeambiwa aende kwanza akajifunze kwingine ndipo arudi. Kila mtu alikuwa na kazi iliyolingana na mkono wake, na mkono ukakua pamoja na kazi.

Mwezi wa Februari 1965, Dr. Martin Luther King alifika Gee's Bend kuwahimiza watu wajiandikishe kupiga kura. Watu waliitika, wakaadhibiwa kwa kuitika kwao. Wengine katika wilaya ile walifukuzwa katika ardhi na nyumba walizopanga. Hata kivuko cha kwenda Camden, makao makuu ya wilaya, kilikuwa kimekwisha kuondolewa mwaka 1962, nacho hakikurudishwa mpaka mwaka 2006. Katika miaka yote ile mtu aliyetaka kufika ng'ambo, mahali anapopaona kwa macho, alilazimika kuzunguka kwa barabara kwa muda wa saa moja au zaidi.

Katika mwezi wa Desemba 1965 padri mmoja wa Kianglikana, Francis X. Walter, alipita wilaya ile akaona mifarishi imeanikwa kambani. Aliinunua kadhaa kwa dola 10 kila mmoja, na mwezi wa Machi 1966 ikauzwa kwa mnada huko New York. Mwezi huo huo akina mama wakaunda chama chao cha ushirika, wakakiita Freedom Quilting Bee. Neno la kwanza ni Uhuru, na la mwisho ni ule mkutano wa majirani wafanyao kazi ya mmoja wao kwa pamoja, kama ujima wetu. Kwa miaka mingi meneja wake alikuwa Bibi Estelle Witherspoon, mwenyeji wa huko huko.

Hapo ndipo yalipoanza mambo yanayotuhusu sisi wana ushirika. Mfarishi wa nyumbani hauna mkaguzi. Ukikinga baridi, umetosha. Lakini maduka makubwa ya New York, kama Bloomingdale's, yalipoagiza mifarishi, yalitaka kila mmoja uwe sawa na mwenzake kwa kipimo, kwa rangi na kwa mshono. Chama kingeweza kuchagua mafundi wachache hodari na kuwaacha wengine mlangoni. Badala yake kiliendeleza desturi ya kiunzi: waliojua waliwafundisha wasiojua, na wengi wakapata mshahara wao wenyewe kwa mara ya kwanza. Mwaka 1967 chama hicho kilikuwa miongoni mwa vyama 22 vilivyoanzisha Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Kusini, ambalo baadaye lilijenga chuo cha mafunzo huko Epes, Alabama. Mwaka 1968 kilinunua ardhi eka 23, na viwanja 8 kikawauzia watu waliofukuzwa kwa sababu ya kura. Kisha likajengwa jumba la kushonea, likapewa jina la Dr. King, naye alikuwa amekwisha uawa.

Mwaka 1972 kampuni ya Sears, Roebuck ilitoa kazi ya kushona foronya za mito kwa kitambaa kizito chenye mifuo, kiitwacho kodroi. Kazi hiyo ilileta fedha, lakini iliwachosha baadhi ya akina mama, kwa maana foronya ya mia hufanana na ya kwanza, wala haina nafasi kwa mawazo ya mshonaji. Wakayachukua mabaki ya kodroi nyumbani, wakashona mifarishi yao kama walivyopenda. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend, na ile ya kodroi ikiwamo, ilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston na ya Whitney huko New York, wataalamu wakaistaajabia. Na mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mifarishi hiyo.

Hatupendi kuwaficha wasomaji mwisho wa chama hicho. Katika miaka ya 1990 jumba liliharibiwa na hali ya hewa, wanachama wakazidi kupungua, na mwaka 2012 chama kikafungwa rasmi. Msomaji ataweza kuuliza, basi wamebaki na nini? Wamebaki na ujuzi. Mwaka 2003, kabla hata chama cha kwanza hakijafungwa, washonaji wa Gee's Bend walikuwa wameanzisha umoja mwingine wa kuuza kazi zao. Na siku hizi, watu wa Marekani wanapokusanyika kwa siku chache mahali pa utulivu ili kujifunza kushona mifarishi, mafundi pamoja na wasiojua kutia uzi katika sindano, baadhi ya akina mama hao hualikwa kuwa walimu. Kiunzi kile kimeendelea kuwa darasa.

Waasisi wa ushirika walilijua jambo hili. Wale wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, walikuja kutenga sehemu 2½ kwa mia ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Na nchi yetu ya Tanganyika, ilipokuwa bado changa, ilifungua Chuo cha Ushirika huko Moshi mwaka 1963, ambacho leo ni Chuo Kikuu.

Basi jibu letu kwa ile hoja ni hili. Mkataba wa mnunuzi una tarehe ya kwisha, na paa la ghala lina mvua yake. Fedha za fungu la mafunzo zikigawiwa, kila mwanachama atapata kiasi cha kutumia siku moja. Zikitumiwa kumfundisha mpimaji, mshika vitabu na mama anayeanza kushika sindano, zitakaa mikononi mwao mnunuzi atakapokuwa amekwenda zake. Twaomba wajumbe walifikirie jambo hili kabla ya kuinua mikono katika mkutano mkuu ujao, na twawaomba pia kila mwenye ujuzi aje na asiyekuwa nao. Mahali papo.