Mabaka ya paka: fumbo lililochukua zaidi ya miaka 100

Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kusini mwa mji wa Mpanda, huishi paka mwitu mwenye manyoya ya rangi ya mchanga na michirizi hafifu. Paka anayewinda panya kwenye maghala ya mpunga mjini ni wa ukoo huohuo, ila yeye huweza kuwa mweusi, wa rangi ya chungwa, au mwenye mabaka ya rangi zote mbili. Hao wa mabaka karibu wote ni majike.

Leonard Doncaster wa Cambridge aliandika kuhusu urithi wa rangi hizo mwaka 1904. Mwaka 1912 Clarence Little wa Marekani akahusisha rangi ya chungwa na kromosomu ya jinsia, X. Jike ana X mbili. Dume ana X moja, aliyoipata kwa mama, na Y ya baba. Kwa hiyo dume ama ni wa chungwa, ama siye. Jike huweza kurithi chungwa kwa mzazi mmoja na weusi kwa mwingine.

Mbona basi rangi hizo hazichanganyiki? Mwaka 1949, nchini Kanada, Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram waliona kidoa kwenye seli za neva za paka jike, ambacho madume hawakuwa nacho. Mwaka 1961 Mwingereza Mary Lyon, aliyekuwa akichunguza panya, akaeleza kuwa kila seli ya jike huzima X moja, ambayo ndiyo kidoa kile, akiwa bado tumboni, na seli zinazozaliwa nayo hufuata hivyohivyo. Palipozimwa X ya weusi, hutokea baka la chungwa.

Jeni yenyewe ilitajwa baadaye sana. Mei 2025, watafiti wa Kyushu, Japani, na wa Stanford, Marekani, walichapisha kwamba paka wa chungwa wamepungukiwa na kipande cha DNA ndani ya jeni ya ARHGAP36, na jeni hiyo huanza kufanya kazi kwenye seli za rangi, mahali isipostahili.

Mfugaji wa Mpanda anaweza kujipimia. Paka mweusi akizaa na dume wa chungwa, mabinti wote hutoka na mabaka, na hakuna mwana wa kiume wa chungwa. Akizaliwa binti mweusi mtupu, kuna shume mwingine aliyepita, kwani mimba moja ya paka huweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.